Twiga wa Pembe Nne

Leo nimeaibika mbele ya daktari wa macho na benchi lake lote.

Asubuhi nilikaa mezani na lenzi yangu mpya (niliitoa kwenye boksi jana) na kopo la sarafu kutoka dukani kwa mke wangu, Ndunge, pale Kyumbi. Kwa mliojiunga na kundi juzi: tunatafuta sarafu zilizotoka kiwandani na kasoro. Chuma kinachogonga picha kikichongwa mara mbili bila kukaa sawasawa, picha hutoka na kivuli chake pembeni. Ni kitu kidogo sana. Msikate tamaa, wengine tumetafuta miaka bila kupata.

Shilingi ya kwanza, twiga ana pembe nne. Nikaipiga picha kupitia lenzi. Ndiyo ile picha niliyowatumia, mkanipa hongera.

Shilingi ya pili, pembe nne. Nikaimba kidogo.

Ya tatu, vilevile. Nikaacha kuimba. Nikachukua sarafu ya shilingi kumi, simba ana pua mbili. Nikaangalia kidole changu, kina kucha mbili. (Bila lenzi sioni kitu cha karibu, umri umeenda, kwa hivyo sikuwa na njia nyingine ya kujipima.) Marehemu mjomba wangu wa Kivaa alianza hivyohivyo: kwanza vitu viwili viwili, halafu giza.

Nikamwita Ndunge, nikamwelekezea lenzi usoni.

"Una macho manne," nikasema.

"Na wewe huna hata mawili ya maana. Ni nini?"

Nikamweleza. Akachukua mkoba. Ndunge akichukua mkoba kabla ya kubishana, jua mambo ni mabaya.

"Baba Mutua, vaa viatu. Twende Machakos."

Njiani nilimwambia hati ya shamba iko chini ya godoro. Kisha nikamkazia macho, nimkariri sura kabla giza halijaja.

"Acha kuniangalia hivyo, unaniogopesha."

"Mimi mwenyewe naogopa."

Kwenye benchi la kungojea, mama mmoja aliyefungwa bandeji jichoni aliuliza nina shida gani. Ndunge akamweleza. Mama akasimama, akaniwekea mkono kichwani, na benchi zima likaniombea. Nililia. (Sitaki kuulizwa kuhusu hilo.)

Daktari alikuwa msichana wa umri wa binti yangu. "Mzee, funga jicho la kulia. Unaona taa ngapi?"

"Moja."

"Sasa la kushoto."

"Moja."

"Hizo mbili unaziona wapi?"

Nikampa lenzi na shilingi, nilivibeba kama ushahidi. Akachungulia. Akainua lenzi kwenye mwanga, akaikwaruza ukingoni kwa ukucha.

"Mzee, mbona hukutoa hii nailoni?"

Sasa mnielewe. Kwetu kitu kipya hakivuliwi nailoni. Rimoti bado inayo. Viti vinayo, ukikaa na kaptura unasimama na ngozi imebaki. Friji inayo, na ina umri wa Mutua.

"Ni ili isichubuke," nikasema kwa sauti ndogo.

Akaivuta taratibu. Ilikuwa imejikunja katikati. Nikachungulia tena, na twiga alikuwa na pembe mbili, kama Mungu alivyomuumba.

Nilitamani chumba kile kiwe na mlango wa nyuma. Hakina, ikabidi nitokee palepale kwenye benchi.

"Wamesemaje, mzee?" mama wa bandeji akauliza, mkono tayari hewani kwa maombi mengine.

Nikafungua mdomo. Ndunge akanitangulia.

"Ni nailoni."

Jamaa mmoja akasogea mbali kidogo. "Huo ugonjwa unaambukiza?"

"Sana," akasema Ndunge. "Kwetu umeshika mpaka friji."

Basi ile picha ya asubuhi ifuteni, na hongera zenu nazirudisha. Macho yangu ni mazima kabisa. Anayetaka kucheka acheke, lakini kwanza akaangalie rimoti yake.