Chumba cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Mke wangu kafungua chumba cha wageni, feni ikamdondokea mguuni. Feni ya tatu hiyo. Mbili hazijatolewa hata kwenye maboksi. Mama yake kafanyiwa upasuaji wa goti, Jumamosi anakuja kwetu kujiuguza. Mke hakufoka. Kaniuliza polepole, "Mwenzangu, mama atalala wapi? Juu ya feni?" Heri angefoka. Nimeapa: kuanzia leo sinunui hata sindano.

Jumanne, 4 Machi
Nimemkabidhi shemeji, yule kinyozi, pochi yangu. Asinipe hata nikimpigia magoti. Mfukoni nimebaki na nauli tu. Akili nyingi!
Jioni: nimerudi kwa miguu, malengelenge tele. Kikamulio cha ndimu tunacho, najua. Lakini hiki nilichonunua leo kina kifuniko.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekodi mkokoteni, nikapeleka mizigo yote ya chumba cha wageni, feni, hema na vinginevyo, kwa muuza vitu vilivyotumika. Nikapiga mluzi. Mara mama mmoja akalishika hema langu, akalisifu! Sijalilalia hata mara moja, ila wivu ulinishika. Mbio kwa shemeji: dharura! Alikuwa na mteja, kichwa nusu. Akauliza nani anaumwa. Nikasema hema. Akanitupia pochi ili nimwondokee. Nimelikomboa. Pamoja na feni mbili, zisije zikadhani nimezitelekeza.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe kaingia chumbani na mkongojo, ukanasa kwenye kamba za hema. Nusura aanguke! Nilitamani ardhi inimeze. Kaketi kitandani, akahema, akauliza, "Mwanangu, huko madukani unafuata nini hasa?" Nikajikuta nasema kweli. Dukani naitwa bosi, navutiwa kiti. Kazini, miaka yote hii, mimi ni "wewe wa stoo". Mama mkwe akasema, "Haya bosi, nisogezee mto." Mke kaangua kicheko, akanishika bega. Hema nimelitoa mwenyewe, bila kinyongo.

Jumapili, 9 Machi
Nimepona kabisa! Maduka sina hamu nayo tena. Nimeingia moja tu, kwa ajili ya mgonjwa: anahitaji kengele ya kutuita. Haziuzwi mojamoja, ni boksi zima. Nimechukua maboksi mawili, na kimeza cha kuziwekea. Huku si kununua. Huu ni uuguzi.