Mtani Wangu Asihojiwe Bila Wakili

Makorora, Tanga
9 Agosti 1956

Bwana Mhariri Mheshimiwa,

Baada ya salamu nyingi, naomba nafasi gazetini mwako. Hata ukiibana barua hii chini ya bei za nazi sitanuna. Mimi ni fundi cherehani, Mbondei, na sheria nimejisomea mwenyewe katika kitabu ambacho karani mmoja alikisahau ndani ya koti aliloniletea kupunguza. Kurasa za mwisho hazimo, kwa hiyo adhabu sizijui, lakini haki nazijua zote.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi tuliondoa matanga ya marehemu baba yangu mdogo. Rafiki yangu Luka, Mnyamwezi anayekata mkonge katika shamba moja nje ya mji, akaja kama mtani anavyopaswa kuja: akaingia uani bila hodi, akamfungua beberu wangu, akampeleka kwa mchinjaji, akatangaza kwamba leo watu watakula nyama, Mbondei huyu apende asipende. Nani asiyejua kuwa mtani akichukua kitu matangani haulizwi? Nami nikamtukana kwa sauti, kama adabu inavyotaka, tukala wote. Kumbe kulikuwa na askari mgeni, ndiyo kwanza aletwe huku kutoka bara. Akayasikia matusi yangu, akamkamata Luka kwa wizi wa mbuzi. Jumatatu anasimama mbele ya hakimu, na huko shambani wamekwisha sema akifungwa panga lake atapewa mtu mwingine.

Malalamiko yangu nayapanga hivi:

1. Luka hakuambiwa kwamba anaweza kumwita wakili. Aliambiwa tu kuwa si lazima aseme neno, na akisema litaandikwa. Bwana Mhariri, kumwambia Mnyamwezi aliyekaa mbele ya mtani wake kwamba si lazima aseme, ni sawa na kumwambia jogoo si lazima awike. Alipoulizwa mbuzi kampata wapi, akajibu, "Nimemwiba kwa Mbondei huyu hapa, na nikitoka nitamwiba mkewe, maana anapika vizuri na hana wa kumsifu." Askari akaandika yote, hata la mke. Wakili angekuwapo angemkanyaga mguu chini ya meza.

2. Mimi niliyekwenda kumtetea sikupewa wakili pia. Inspekta, Mzungu mpole, akaniuliza kama mtu huyu namfahamu. Sasa nijibu nini, na Luka kanikodolea macho anangoja? Nikasema, "Bwana Inspekta, simjui kabisa. Lakini sura hii ni ya mwizi, mfungeni upesi kabla hajala viti vyenu." Luka akacheka mpaka akaegemea ukuta. Nikapewa kalamu nitie sahihi, nikatia, na mwandiko wangu ni mzuri, haukanushiki. Nyumbani mke wangu Mastura akaniuliza, "Haya, umemtoa?" Nikamwambia nadhani nimemmaliza. Tangu siku hiyo chai najipikia.

3. Kwa hiyo naiomba Serikali impe wakili kila anayehojiwa, na wakili wa pili impe kila shahidi anayekuja kumtetea, maana huyo ndiye wa hatari zaidi. Tena wakili asiwe na mtani yeyote kituoni, asije akafungua kinywa akatuharibia. Nimeuliza sana, na pwani yote hii sijampata mtu wa namna hiyo. Pengine aagizwe kwa meli.

4. Na kwa kuwa mambo haya huanzia msibani, tupewe na wakili wa matangani. Akae jamvini karibu na sufuria, na kabla mtu hajatukana amwulize kama ameelewa kwamba tusi lake litaandikwa. Kila tusi liwe na nakala tatu. Msiba utachukua wiki mbili, lakini marehemu hana haraka.

5. Yule askari alikula paja zima kabla ya kuuliza mbuzi ni wa nani. Sisemi ni mshirika wa mwizi. Hilo nitalisema mbele ya wakili wangu.

Kwa ufupi, Bwana Mhariri, hakuna mtu, awe mkata mkonge au bwana shamba, anayefaa kuketishwa mbele ya polisi peke yake, bila mjuzi wa sheria kando yake. Katika hili sirudi nyuma hata hatua moja.

Wasalimie wapanga herufi wote, na wasomaji wako wa Nguvumali hadi Amani, na jamaa zao, na watani wao pia, ingawa hawastahili.

Ni mimi nikutakiaye heri,
Sadalla Shehe, fundi cherehani

Nyongeza: Kabla sijaifikisha barua posta, Luka ametoka. Sajini mmoja Mzigua amerudi kutoka likizoni, akayasoma maelezo yetu, akacheka hata akatoa machozi, akamweleza Inspekta kwamba huo ni utani tu, wakamwachia bila wakili wala nusu wakili. Amekuja dukani moja kwa moja, akavaa suruali ya bwana harusi wa kesho, akapanda baiskeli yangu akaenda zake. Yote niliyoandika hapo juu yafute. Mkamateni, mhojini peke yake, na wakili asipewe hata akimlilia. Ushahidi nitautoa mimi. Ameshika njia ya Pangani, anaimba.