Kioo cha Miwani Kwenye Barafu

Leo nimejiaibisha mbele ya mataifa. Amina, Mwajuma, msidhani natia chumvi. Mataifa yenyewe yalikuwepo, na bendera zao zilining'inia darini.

Hapa Bredäng, mtaa wa huku kwa Waswidi, nimepanga chumba kwa Bibi Gunvor. Ana binti wa miaka kumi na sita, Lena, anayecheza kwenye barafu kwa vile viatu vyenye makali chini. Leo yameanza mashindano ya kwanza ya msimu. Gazeti la asubuhi limetaja wasichana wa kuangaliwa: Mjerumani wa Mashariki anayezunguka hewani mpaka unahesabu vibaya, Mkanada mwenye madaha yake, na mwishoni kabisa, mstari mmoja tu, Lena wetu. Bibi Gunvor aliusoma mstari ule mpaka kahawa ikapoa. Lena akifanya vizuri, timu ya taifa itamchukua kwenye mashindano makubwa ya majira ya baridi. Akiharibu, atabaki nyumbani.

Bibi Gunvor akaniambia pia kwamba kuruka Lena hana wasiwasi nako, ila hii siku ya kwanza ndiyo inayomtisha. Kwa nini? Sikuelewa. Nikaitikia "ja, ja", yaani ndiyo, ndiyo. (Ndivyo ninavyoitikia kila kitu nchi hii. Siku moja nitajikuta nimeolewa.)

Bibi Gunvor akanivika koti lake la sufu, refu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nikaenda na Nakato, yule Mganda ninayesoma naye uuguzi.

Jamani, uwanja ulikuwa kimya kama msibani. Muziki hakuna. Watazamaji ni akina mama wachache waliojifunika mablanketi. Tukakaa mstari wa mbele, karibu na kilango cha kuingilia kwenye barafu. Lena akaingia, na hakuruka hata kidogo! Alikwenda taratibu kwa mguu mmoja, akachora namba nane kubwa kwenye barafu kwa makali ya kiatu, akaipitia tena pale pale, akaipitia tena. Mara moja mguu ukatetereka. Nikadhani anapasha mwili joto. Akatoka ameinamisha kichwa.

"Sasa ataanza lini?" nikamwuliza Nakato.

"Mimi pia nangoja muziki. Wacha nilete kahawa, Bibi Gunvor yuko kule juu, nitamwuliza. Wewe usitoke hapo."

Alipoondoka tu, wazee kadhaa wakaingia kwenye barafu kwa viatu vya mpira. Wakainama. Mmoja akapiga magoti kabisa. Wote macho chini, wanatafuta kitu. Kisha mzee mmoja akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akainama zaidi. Nikaelewa mara moja: kioo cha miwani kimedondoka.

Sasa niambieni, ninyi mliolelewa kama mimi. Wazee wanahangaika chini, na wewe kijana umekaa umekunja mikono? Mama angesema nini? Na wale akina mama wa mablanketi hakunyanyuka hata mmoja! Nikawaona hawana adabu. (Nikajiteua kuwafundisha.)

Nikafungua kilango.

Hatua za kwanza zilikwenda vizuri. "Shikamooni," nikasema, kwa Kiswahili, maana hofu haina tafsiri. Hakuna aliyeitikia. Nikainama nami, nikaanza kutafuta.

"Banange! Rehema, toka huko!" Ni Nakato, na vikombe mkononi. "Hao ni majaji! Leo ni mashindano ya kuchora, wanapima ile nane ya Lena!"

Nikageuka kwa haraka. Miguu ikaelekea Norsborg, kituo cha mwisho cha treni yetu, mimi nikabaki Bredäng. Nikaanguka kitako, puu! Nikateleza, koti limetanda nyuma yangu, na likaifuta ile nane karibu yote. Nikaishia kwenye viatu vya mzee wa miwani.

"Unafanya nini hapa?" akauliza.

"Natafuta kioo chako," nikajibu kwa Kiswidi changu.

Mzee akavua miwani. Akagonga kioo kimoja kwa ukucha, akagonga na cha pili. Vyote vipo. Akina mama wa mablanketi wakaangua kicheko mpaka chupa zao za kahawa zikaanguka.

Lena hakucheka. Alisimama kilangoni, uso hauna damu. Hapo nilitamani kulia. Mtoto wa watu ameamka alfajiri kiangazi kizima, na mimi nimemfutia kazi kwa koti la mama yake!

Mwalimu wa yule Mjerumani akaja juu: nimetumwa, nimefanya makusudi! Mzee wa miwani akanitazama nikitoka kwenye barafu kwa kutambaa, akasema mtu wa hila asingetambaa vile. Kwa kuwa majaji walikuwa hawajatoa alama, Lena achore upya, sehemu safi.

Akiharibu sasa, lawama ni yangu. Nikamkamata Nakato mkono mpaka kahawa ikamwagika. Lena akavuta pumzi. Nane ya kwanza. Ya pili juu yake. Ya tatu. Mguu haukutetereka! Wazee wakainama tena. (Nakato alinishika koti.) Michoro iliyofuata akaichora kwa moyo mkunjufu, na jioni hakuwa mkiani kama walivyohofia. Yuko katikati, na kesho ni siku ya muziki na kuruka, na kuruka ndiko kwake.

Kwenye treni Lena alikuja kukaa karibu nami. Kisha akasema, "Ile ya kwanza ilikuwa mbaya. Mguu ulitetereka, nikajua nimekwisha. Asante kwa kuanguka."

Sijawahi kushukuriwa hivyo. Nilifurahi mpaka nikasahau ninavyoumwa kiuno. Kesho nimealikwa tena, kwa sharti nikae safu ya juu kabisa.

Najua barua hii itawafikia mashindano yamekwisha zamani. Mwombeeni Lena hivyo hivyo. Dua zitumeni kwa ndege, vicheko vyenu vije kwa meli.