Dumu Langu la Kupimia Mkondo

Jumatatu, 3 Machi
Ukungu. Vidole vimeganda, kalamu inateleza. Tangazo limebandikwa ofisini: watafiti wa bahari wanamtaka mwalimu mmoja wa nyanda za juu, akakae melini siku kumi wakipima mkondo wa pwani yetu. Mmoja tu! Usaili Makambako, Jumatatu ijayo. Kila mwombaji aje na vipimo vya maji yanayotembea, alivyovichukua mwenyewe.

Nafasi ni yangu. Miaka ishirini na sita nafundisha mikondo ya bahari kwa chaki hapa Njombe, na bahari yenyewe sijaiona hata kwa mbali. Wanafunzi wangu wengine sasa wanafanya kazi bandarini. Wananitumia salamu. Inauma, sitadanganya.

Jumanne, 4 Machi
Mwalimu Esteria wa fizikia naye ameomba! Esteria, anayeogopa kuvuka daraja la miti! Kipimo chake: vigunzi vinne vya mahindi na saa. Anavitupa mtoni, anahesabu sekunde. Nimejifungia stoo nikacheka mpaka nikakohoa.

Mimi nafanya kitaalamu. Baharini wanatumia boya linalozama nusu ili upepo usilisukume, na setilaiti inalifuata. Setilaiti ninayo. Shemeji yangu Rabson ni bodaboda, amefunga kwenye pikipiki kifaa kinachotuma meseji ya kasi na mahali kila saa, akiibiwa aifuate. Nimekifungua alipokuwa anakula ugali. Nitamwambia baadaye.

Jumatano, 5 Machi
Dumu la njano nimelipata kwa muuza ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Ndani umebaki nusu. Akasema hauzi dumu bila kilichomo. Sawa! Nusu ndiyo uzito niliohitaji, kwa nini nimwage nijaze maji? Nimefunga kifaa shingoni kwa mpira, nimeandika MALI YA SAYANSI, nimelitia mtoni chini ya kijiji cha Yakobi saa kumi jioni. Likaondoka limenyooka. Nilitaka kulia.

Alhamisi, 6 Machi
Meseji. Kasi sufuri. Sufuri. Sufuri tena, mpaka asubuhi. Limenasa kwenye mizizi, nikajua. Halafu saa nne, arobaini na nane kwa saa! Mvua ya juzi hiyo, mto umefura. Halafu sufuri.

Nimejumlisha, nimegawanya. Wastani, kilomita mbili na nusu kwa saa. Mto wa kawaida kabisa! Ndiyo uzuri wa wastani, unafukia mashimo yote. Ramani sikufungua, bando limeisha.

Rabson amegundua. Amesema maneno ambayo siandiki humu, mimi ni mzee wa kanisa.

Jumatatu, 10 Machi
Makambako. Upepo, vumbi, suti yangu ya harusi. Sina hamu ya kuandika lakini naandika.

Daktari mmoja mama, mtafiti kutoka pwani, ndiye aliyeongoza usaili. Alikisifu kifaa changu. Akaomba kuona safari ya boya kwenye ramani. Nikampa namba ya siri kwa kujiamini. Ramani ikatokea ukutani, kubwa. Dumu langu limekwenda mtoni mita mia tatu. Likapanda mlima. Likalala kilabuni. Asubuhi likashika lami, likapita kila kona ya barabara hadi Makambako.

Mzee mmoja wa jopo, mtu wa hukuhuku, akaniuliza taratibu kama sijui kwamba dumu la ulanzi likiwa mtoni kila mtu anajua limewekwa lipoe. Daktari akasema mahali lilipo ni mtaa wa pili. Wakatoka wote kwenda kuangalia! Lilikuwa chini ya benchi la mama muuza pombe, tupu, kifaa bado shingoni.

Wakachagua vigunzi.

Jumatano, 12 Machi
Esteria amekuja nyumbani na kikapu cha viazi. Kamwene nyingi, salamu za kwetu. Nilitaka nimwambie nimelala. Akasema hajaelewa kitu kimoja na anaogopa kuaibika melini: kwa nini mikondo mikali na myembamba inakaa magharibi mwa bahari, yaani kwetu, na siyo ng'ambo.

Nikamweleza. Upepo unasukuma maji bahari nzima, dunia inazunguka, na nguvu ya mzunguko huo haiko sawa ikweta na mbali na ikweta. Ndiyo maana mkondo wa kurudisha maji unabanwa upande wa magharibi, na wenye njia nyembamba hukimbia. Nilichora mpaka chai ikapoa. Akaelewa.

Kisha akaweka kikombe chini. Akasema hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza kwa kila mtu baada ya kuonyesha vipimo. Yeye alijibu nusu. Kwangu hawakulifikia, muda wote ulikwenda kwa dumu. Daktari alimwambia kama kuna mtu angelijibu vizuri, wasingejali kipimo chake.

Nalijua swali hilo tangu chuo! Nilitoka nje nikasimama mvuani kama mbuzi. Esteria akasubiri, kisha akaondoka polepole.

Jumamosi, 15 Machi
Mwakani watachagua tena. Siku tatu nimetafakari nilipokosea. Nimepata: sikuwa na picha! Anayeomba meli aonekane mzoefu.

Nimekwenda studio kwa Brayson. Anaweza kunisimamisha baharini kwa kompyuta, suruali nimekunja, hakuna atakayejua. Akaniuliza maji yanifike wapi, na mawimbi yakiwa nyuma yangu yanazidi kichwa au hayazidi.

Sikujua. Nikamwambia aweke ya wastani.