Ombi la Kumrudisha Mume Wangu Karantini

Kwa Ndugu Afisa Afya wa Bandari,

Pole na kazi, na pole na harufu ya dawa. Mimi ni mke wa yule baharia mrefu wa meli ya mbolea, ile mliyoizuia nje ya gati kwa sababu ya tetekuwanga. Mlimtibu, nawashukuru. Lakini jamani, mbona mmenirudishia mtu mwingine? Huko karantini mlimfundisha usafi, mkampa glavu na cheti, mkamwita Msimamizi wa Afya Melini. Sasa meli iko kwenye matengenezo, na msimamizi asiye na meli kaamua kwamba meli ni nyumba yangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlangoni kapandisha bendera ya njano, ati haingii mtu wala hatoki mpaka yeye akague. Bendera yenyewe ni nusu ya gauni langu nililoshonea harusi ya shoga yangu. Nusu iliyobaki haisitiri kitu.

2. Zile sahani za bati mnazozivisha kamba za meli ili panya wasipande, kaivisha kamba yangu ya kuanikia nguo. Panya hatuna. Pa kuanikia shuka pia sasa hatuna.

3. Mgeni akipiga hodi anapokewa kwa kipimajoto, kisha ataje kila mahali alipopita mwezi mzima. Fundi cherehani aliulizwa hayo mbele ya mkewe, akajibu kwa uaminifu. Tangu hapo analala kwenye cherehani.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mama yangu mzazi kafunga safari kuja kuniona. Kakohoa mlangoni, vumbi tu la njia, kanyimwa kibali cha kuingia! Yuko kwa jirani yetu kinyozi, tunapungiana mikono dirishani kama watu wa meli mbili. Kinga ni bora kuliko tiba, sikatai, lakini kinga gani hii ya kumkinga mtu na mama yake? Nililia. Nikapewa barakoa.

5. Tabia hii inaambukiza. Kinyozi naye kaanza kuwapulizia dawa wateja kabla hawajakaa, na mwenye duka anatupa chenji kwa koleo. Kwa elimu yenu wenyewe, kitu kinachotoka kwa mtu mmoja kikakumba mtaa mzima kinaitwaje? Si mlipuko? Basi naomba mume wangu atangazwe rasmi kuwa mlipuko, achukuliwe kwa boti, azuiliwe huko mpaka apone usafi.

Nisalimie wauguzi, makarani, na hasa dereva wa boti. Mwambie ajaze mafuta kabisa.

Ni mimi, niliyelazimishwa kunawa kabla ya kushika kalamu,
Mke wa Msimamizi

Baada ya sahihi: Zuieni boti! Nimeambiwa sasa hivi kwamba mawifi zangu watatu wako njiani na magodoro yao, ati wanakuja kukaa na kaka yao mpaka meli itengemae. Mama nimeshampitisha dirisha la jikoni, tunakunywa chai. Mume wangu ni mtu wa maana sana, wala hana upendeleo, sheria kwake ni sheria. Msimguse. Ila nijibuni upesi: katika magonjwa yote mnayoyajua, ni upi wenye karantini ndefu kuliko yote? Tunao.