Picha Iliyozidi

Jumatatu, 4 Machi

Kompyuta ya ofisi imegoma. Fomu za watahiniwa haziingii, nafasi imejaa, na mwisho wa kuzituma ni Ijumaa. Ambaye fomu yake haikutumwa hafanyi mtihani, basi. Mwalimu Mkuu kauliza nani ataisafisha. Miwani, mkutubi wetu, kasema tukague faili moja moja, siku tatu hivi. Siku tatu! Mimi, karani hapa kwa miaka kumi na mmoja, nikasema saa moja inanitosha. Atakayefaulu atakabidhiwa chumba cha kompyuta, ufunguo wake na feni yake. Nimeitamani ile feni tangu inunuliwe.

Nikuambie wewe tu, shajara. Kilichojaza kompyuta ni video zangu za mieleka. Mapambano arobaini na moja, kwenye folda niliyoiita "Mitaala ya Zamani". Hakuna mwalimu duniani atakayeifungua. Kuyafuta siwezi. Nitatafuta vya kufuta vingine.

Jumanne, 5 Machi

Nimefuta matangazo ya mwaka juzi, zamu za mlinzi, ratiba ya usafi. Bado imejaa! Nikaingia kwenye picha za watahiniwa. Lo! Msichana mmoja kapigwa picha mara mbili. Nywele zilezile, sweta lilelile, uso uleule. Nikamcheka mpiga picha kwa uzembe wake. Nikafuta moja, na pipa la taka la kompyuta nikalimwaga papo hapo, nisije nikaambiwa nafanya kazi nusunusu. Nafasi ikapatikana, ya kupumulia tu.

Mwalimu Mkuu kanisifu mbele ya walimu wote wakati wa chai. Miwani akawa anakoroga kikombe chake. Sukari alikuwa hajatia.

Jumatano, 6 Machi

Miwani kahesabu. Watahiniwa sitini na watatu, picha sitini na mbili. Kaniuliza, kwa upole wake ule unaokera, kama nakumbuka kuwa darasa la mwisho lina pacha.

Pacha! Hunisalimia getini kila asubuhi, wote wawili, na wote wawili nawaitikia. Niliyemfuta ni mdogo, aliyezaliwa dakika kumi baada ya dada yake. Moyo ukanilipuka paa! Mdomo nao ukasema mpiga picha hakuileta ile picha. Mzee wa watu kaitwa, kafokewa. Zake keshazifuta, hana ushahidi. Kanitazama tu. Nikajitia kusoma kalenda ukutani, kumbe ni ya mwaka jana.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata dawa! Nachukua picha ya mkubwa, naitoa nakala, naiandika jina la mdogo. Sura si moja? Nani atajua? Nikamwita mdogo athibitishe kuwa picha imetoka vizuri.

Kaitazama kidogo tu. Kasema huyo ni dada. Nikamwuliza kajuaje. Kanionyesha kovu juu ya unyusi wake, dogo kama punje ya mchele. Kisha akasema, bila hasira, kwamba nguo anazovaa zilikuwa za dada, vitabu vilikuwa vya dada, hata kitanda ni cha dada. Mtihani angependa aufanye kwa uso wake mwenyewe. Akaniuliza kama fomu yake bado itawahi.

Nikasema itawahi. Akaniambia asante, karani. Asante! Mimi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu kukiri kila kitu. Nikagonga mlango, nikaingia, nikaomba pini za stepla.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui nianzie wapi. Mpiga picha kaja mwenyewe na kamera yake, hakuitwa na mtu. Kampiga yule mtoto picha mpya. Kompyuta ikaikataa, nafasi imejaa! Saa nane mchana. Mama yao kasimama mlangoni, kashika mkono wa binti yake.

Miwani akasema tutazame kipi ndicho kikubwa kuliko vyote. Nikasema mitaala haiguswi. Akaigusa. Sauti ilikuwa juu. Jitu la chupi nyekundu likaruka kutoka kwenye kamba likinguruma, mbele ya Mwalimu Mkuu. Likafuatia jingine. Mama wa pacha, keshasimuliwa na binti yake habari za ile nakala yangu, akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama mwanawe aliondolewa ili hawa wabaki.

Nikamjibu kwamba hiyo ilikuwa nusu fainali.

Kwa nini nilijibu? Kwa nini mimi ni mtu wa namna hii? Miwani akafuta yote arobaini na moja. Fomu ikaenda saa kumi kasoro robo. Ufunguo kapewa yeye. Mpiga picha nimemwomba radhi, kanipa mkono bila kunitazama.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimejikaza. Tangu juzi nilikuwa naandika maneno ya kumwomba yule mtoto radhi, kurasa mbili. Nimemkuta uwanjani, nimesema yote. Kwamba nilimwona kama kitu kilichozidi. Kwamba yeye ni yeye, hana mfano. Machozi yalinitoka, kweli kabisa. Kanisikiliza mpaka mwisho, kasema maneno ni mazuri, ila yeye ni dada mtu. Mdogo yuko darasani.

Kengele ikalia. Nikafikiria kumfuata. Lakini kurasa mbili tena? Maneno yaleyale, kwa uso uleule? Dada ameshasikia. Nimeona inawatosha wote wawili.