Bakuli Nyeupe na Moshi wa Usi

Jumatatu, 13 Julai

Siku kubwa! Bi Nasima, mkuu wa kituo chetu cha afya, ametuita wahudumu wake wote, yaani mimi na Usi. Wakaguzi wa wilaya wanakuja Jumatatu ijayo. Kituo kitakachopunguza taka za plastiki kitapewa ngao. Na kati yetu wawili, atakayeuondoa moshi atakuwa Msimamizi wa Mazingira, mwenye chumba chake na ufunguo wake. Chumba chenyewe ni stoo ya magongo ya wagonjwa, lakini chumba ni chumba.

Moshi ni wa Usi. Kila alasiri huchoma shimoni, nyuma ya kituo, vikombe vya plastiki tunavyowapa wagonjwa kumezea dawa. Upande wa pili wa ukuta, Mayasa, mke wangu, anaanika mwani wake. Mnunuzi ameshaurudisha mara mbili. Anasema unanuka ndoo iliyoungua. Leo Mayasa ameniambia, taratibu kabisa, kwamba moshi usipokwisha wiki hii atahamia kwa mama yake Makunduchi, yeye na mwani wake. Mayasa akianza kusema taratibu mimi huogopa.

Usi ameshatoa wazo. Kila mgonjwa aje na kikombe chake kutoka nyumbani. Nimecheka mpaka nikapaliwa. Wazo gani hilo? Halina hata ufundi.

Jumanne, 14 Julai

Vifuu vya nazi! Bure, vimejaa kila ua. Nimevikwangua asubuhi nzima, nikavipanga kwenye dirisha la dawa.

Mzee wa kwanza alikitazama chake, akauliza kama anywe au achotee kuku maji. Wa pili alikaa akitoa nyuzi mdomoni muda mrefu kuliko alivyomeza dawa. Bi Nasima amevitupa vyote kwa mkono wake. Usi akaviokota kwa adabu, akavitia shimoni pamoja na vikombe. Moshi wa leo umeushinda wa jana. Mayasa ameteremsha begi kutoka juu ya kabati.

Sikati tamaa. Watu wa fikra kubwa hatueleweki siku ya kwanza.

Jumatano, 15 Julai

Nimekwenda Mjini kwa shangazi yangu, Bi Ummkulthum. Nilimwamkia mara mbili, na shikamoo ya pili nikaitia busu la mkono. Kabatini mwake mna bakuli ndogo za kaure, nyeupe pe, za tangu harusi yake. Nikamweleza habari za mazingira, bahari, samaki na kizazi kijacho. Akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikamwambia thawabu zitamfikia marehemu mumewe. Akafungua kabati.

Ametoa sharti moja. Jumatatu atakuja mwenyewe kuziona, zote, nzima.

Alhamisi, 16 Julai

Ushindi! Bi Nasima amezikubali bakuli kwa sababu zinachemshika. Wiki hii tunatoa vitamini za kuyeyusha majini, zinageuza maji kuwa ya manjano. Ndani ya kaure nyeupe zinapendeza mno.

Bi Sichana, bibi wa jirani, aliishika bakuli kwa mikono miwili, akasoma Bismillahi, akanywa mpaka tone la mwisho. Unyevu uliobaki akaufuta kwa vidole, akajipaka usoni na magotini. Kisha akanishika mkono, machozi yanamlenga, akaniombea dua ndefu. Sijapata kuona mtu anayeyapenda mazingira kiasi kile.

Ijumaa, 17 Julai

Foleni imefika barabarani. Wamekuja mpaka watu wa vijiji vya jirani, na wengine hawaumwi chochote.

Usi ndiye aliyenieleza, huku akijishika mbavu. Wanadhani ni kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani ndani ya chombo cheupe, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Bakuli yetu nyeupe, maji yetu ya manjano. Kijiji kizima kinaamini kituo kinatoa kombe.

Bi Nasima alipanda juu ya benchi akawaeleza kuwa ni vitamini. Wakamsikiliza vizuri, wakaitikia naam, na foleni haikupungua hata mtu mmoja. Aliyekuja kuchomwa sindano naye alidai bakuli. Mwalimu Nahodha wa chuo cha Kurani, ambaye ndiye mwandishi wa kombe hapa kwetu, alikuja kuuliza kwa upole nani anaandika, na aya ipi. Sikusema uongo. Nilikohoa.

Lakini shimoni hakuna kikombe hata kimoja! Usi ameshinda kutwa amekaa juu ya ndoo yake, kiberiti mkononi, hana cha kuchoma. Mayasa amelirudisha begi juu ya kabati.

Jumamosi, 18 Julai

Balaa. Bakuli zinapotea. Watu wanaondoka nazo kwenda kuwanywesha wagonjwa walioko majumbani. Bi Sichana amekiri waziwazi kwamba moja iko kwa dada yake, imefunikwa kitambaa. Kufika adhuhuri zimebaki mbili.

Bi Nasima ameniita pembeni.

"Haitham, Jumatatu bakuli zikikosekana, vikombe vinarudi, na Usi atawasha moto wake mbele ya wakaguzi."

Moshi, wakaguzi na shangazi, vyote siku moja! Nimefikiria kuhamia Tumbatu. Nyumbani begi limeteremka tena, na safari hii lina nguo ndani.

Jumapili, 19 Julai

Nimekwenda kwa Mwalimu Nahodha nikamweleza kila kitu, pamoja na kile kikohozi. Hakunigombeza, na hilo limeniuma zaidi. Baada ya sala ya alasiri alisimama msikitini.

"Ile ni dawa ya hospitali. Mie sikuandika, wala hajaandika mtu. Inyweni kama alivyokwambieni Bi Nasima, na vyombo vya watu virudisheni."

Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo. Nikajua yamekwisha. Kesho hatakuja mtu, na Mayasa ataondoka.

Jumatatu, 20 Julai

Wamekuja! Bakuli zote zimerudi, zimeoshwa, nyingine na sambusa ndani. Na kila mgonjwa ameshika chombo chake kutoka kwao, huyu bilauri, yule kikombe cha bati. Bi Sichana ameeleza kwamba vikombe vya plastiki wameshavikinai, na bakuli za watu wanaona haya kuzitumia tena.

Wakaguzi walichungulia shimoni, wakakuta kuku amelala. Wakauliza nani aliyewafundisha watu kuja na vyombo vyao. Bi Nasima akamtazama Usi. Usi akafungua mdomo. Bi Sichana akamuwahi.

"Ni huyu Haitham. Kabla yake tukinywea takataka."

Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, muda wa kutosha kupigwa picha. Ngao yetu! Ufunguo wangu! Shangazi amezikagua bakuli zake, akakuta imezidi moja asiyoijua, akaichukua. Usi alinipa mkono, akaniuliza kama nakumbuka alichosema Jumatatu iliyopita. Nikamwambia sikumbuki, nina mambo mengi.

Jioni mnunuzi ametia pua kwenye mwani, akachukua gunia zote. Mayasa amenipikia pweza wa nazi. Begi liko juu ya kabati, tupu. Nimefurahi mno.

Jumanne, 21 Julai

Siku ya kwanza chumbani mwangu. Msimamizi halali. Nimegundua Bi Nasima hunukiza ukumbi wa wagonjwa kwa makopo ya kupuliza ya dukani. Kopo likiisha, taka! Naanza leo kutumia chetezo, udi na ubani, juu ya makaa ya vifuu. Hakuna kitakachotupwa.

Usi anasema watu wakisikia harufu ya ubani watadhani kuna hitma ya marehemu, watakuja na misala yao ya kuswalia wakisubiri pilau. Huyu mtu hana jipya. Mwalimu Nahodha nimeshamwomba aje anichagulie ubani, maana anaujua.

Na moshi hauna neno. Chetezo nimekiweka kwenye dirisha langu linalotazama nyuma. Upepo unautoa wote nje, unapita juu ya ukuta, unaelekea upande wa Mayasa.